Masizi ya Ijumaa

Mlandizi, jioni

Mwanangu Hamisi,

Salamu sikuandikii, maana uko hapa hapa uani unaoga na nasikia kata ikigonga ndoo. Kesho asubuhi unapanda basi la Dodoma. Mimi nimejifungia chumbani, nimesema kichwa kinaniuma, ili niandike. Baba yako hajaamini. Ameshapita dirishani mara mbili akijifanya anatafuta jembe.

Mambo ya kula, kufua na kulala mapema siyaandiki. Ukipika ugali mbichi utaula mbichi, na kesho yake utajua. Udereva nao sikufundishi tena. Nilichokuwa nacho nilikupa kwenye ile barabara ya Janga, ukanivunjia kioo cha pembeni tukamaliza. Nataka kukuandikia habari ya ile kaptura yako ya kahawia, ile uliyoivaa Idd halafu ukaivaa kila siku mpaka ikapasuka nyuma. Hujawahi kujua ilitoka wapi.

Ulikuwa darasa la pili. Ndiyo miaka ile watu walikuwa wanahamishwa kupelekwa vijijini, na sukari ikionekana dukani inatangazwa kama msiba. Mimi nilikuwa dereva wa Meneja pale kwenye mradi wa kuku. Udereva nilijifunza kambini, enzi za kujenga taifa, na waliponileta pale kazini wanaume wote walitoka ofisini kuja kuona mwanamke anavyorudisha gari nyuma. Nilirudisha. Wakaingia ndani.

Gari lilikuwa jeupe, dogo, lina mabomba mawili ya moshi nyuma, na midomo ya yale mabomba imepakwa nikeli. Ndugu Meneja alikuwa hajali tairi wala breki, lakini midomo ya bomba alitaka ajione uso. Wiki ya kwanza niliisugua kwa stilwaya, nikaikwaruza, nikasemwa mbele ya watu. Wiki hiyo hiyo nilipakia mzigo kwenye buti gari likiwa limetoka kukimbia, mdomo wa bomba ukanishika muundi. Hili kovu langu la mwezi mchanga, ulilokuwa ukiliuliza ulipokuwa mdogo, ndilo hilo. Bomba lile liko chini na liko mbele ya mguu wa mtu anayefungua buti. Asiyelijua lazima limchome.

Baadaye nilijua njia. Unangoja bomba lipoe kabisa. Unachukua karatasi ya kung'aa iliyomo ndani ya pakiti ya sigara, baba yako alikuwa haishiwi, unailowesha, unasugua polepole; kutu inatoka na nikeli haikwaruziki. Ndani ya mdomo unapitisha kitambaa chenye mafuta ya taa, masizi yanakuja. Mwisho unafuta kwa kitambaa kikavu. Nilifanya hivyo kila jioni kabla ya kufunga banda la gari, na ufunguo wa gari naja nao nyumbani, nautundika kwenye msumari juu ya kitanda. Ufunguo wa pili Meneja alisema ulipotea siku nyingi. Na yeye mwenyewe alimwambia kila mtu, "Mimi usukani siujui kabisa."

Jumamosi moja nikakuta masizi.

Nilisimama pale na kitambaa mkononi. Jana yake nilikuwa nimeusafisha mdomo ule mpaka ndani, na sasa kidole changu kimetoka cheusi. Nikajiambia labda jana nilikuwa na haraka. Ijumaa iliyofuata nikasafisha sana, nikafunga. Jumamosi, masizi. Na hayakuwa meusi tu. Ndani kabisa yalikuwa na rangi ya majivu, na bomba haligeuki rangi hiyo kwa kuzunguka uwanjani. Rangi hiyo ni ya mwendo mrefu kwenye lami. Kisoma maili kilikuwa kimeshakufa na mshale wa petroli ulikuwa unadanganya tangu nilipolikuta gari, kwa hiyo sikuwa na cha kuuliza ila bomba.

Ijumaa ya tatu nikachuma jani la mkorosho, nikalikunja, nikalichomeka ndani ya bomba mahali ambapo mtu hawezi kuliona. Injini ikiwaka lazima litoke. Asubuhi jani nililikuta chini, mlangoni mwa banda.

Hamisi, ungekuwa wewe ungemshuku nani? Ufunguo ni mmoja, na unalala chumbani kwangu. Chumbani tunalala wawili. Mtu wa pili anajua kuendesha gari, maana nilimfundisha mwenyewe, kwa siri, kwa sababu aliona haya kufundishwa na mkewe mchana. Na mtu huyo kila Ijumaa anaaga kwamba anakwenda shamba lao la korosho, Chole, kule Kisarawe, na harudi mpaka Jumapili.

Ufunguo ulikuwa unabaki msumarini akiwa Chole. Hilo lilinisumbua kidogo tu. Nikajijibu kwamba amechongesha mwingine Dar es Salaam. Mtu akishaanza kushuku hakosi jibu.

Sikumuuliza. Nilikuuliza wewe.

Nilikuita jikoni, nikakupa ukoko wa wali, nikasema, "Baba akirudi kutoka Chole huwa anakuja na nini?" Ukasema, "Korosho." Nikasema, "Na nini tena?" Ukasema, "Mananasi." Nikasema, "Anakuja kwa mguu au analetwa na gari?" Ukaacha kutafuna, ukanitazama. Yale macho yako nayaona mpaka leo. Mtoto wa darasa la pili alikuwa ameshajua kwamba jibu lake lina kazi, ila hajui ni kazi gani.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba baba yako naye alikuwa anakuita. Kuna mtu alimwambia kwamba gari la kazini kwa mkewe limeonekana usiku wa Ijumaa limesimama kando ya barabara kuu, taa zimezimwa. Ijumaa, siku ambayo yeye hayupo. Mke dereva, bosi mwanamume. Hakuniuliza. Alikuchukua kisimani, akakuuliza, "Juzi usiku mama yako alilala hapa?" Ukasema ndiyo. Akakuuliza, "Ulimwona kwa macho au ulikuwa umelala?" Ukasema ulikuwa umelala. Sasa mtoto atasema nini?

Haya nilikuja kuyasikia baadaye kwa kinywa chake mwenyewe. Wakati ule niliona tu kwamba ameacha kuvuta sigara mbele yangu, anakula ameinamia sahani, na nikirudi kazini anatazama viatu vyangu kama vina udongo. Nikasema moyoni, ndivyo anavyokuwa mtu mwenye lake. Kumbe naye alikuwa anasema hivyo hivyo juu yangu. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja, kila mtu amelinda upande wake kama mpaka wa shamba.

Halafu likatokea doa.

Jumamosi ile mdomo wa bomba la kushoto ulikuwa na kitu kimeganda, kama ulimbo, rangi ya kahawia. Nikasugua kwa karatasi ya sigara, hakitoki. Mafuta ya taa, hakitoki. Nikakikwangua kwa ukucha, kikatoka kiuzi. Nikakinusa. Ilikuwa nguo, terilini, ile inayoyeyuka ikiguswa na moto. Mtu alisimama karibu na buti, bomba likamshika, suruali ikayeyukia pale.

Baba yako alikuwa na suruali moja tu ya terilini. Ya kahawia, ya Idd.

Sikusugua tena. Niliomba ruhusa, nikasema mtoto anaumwa, Mungu anisamehe, nikarudi nyumbani karibu nakimbia. Nikafungua kasha. Nikatoa kanzu, nikatoa kanga zangu, nikatoa blanketi, mpaka nikaona ubao wa chini. Suruali haimo.

Nilikaa sakafuni na zile nguo zote. Sikulia. Nilianza kupanga nani atakulea nikifungwa, maana gari likikamatwa na mzigo wa magendo usiku anayetafutwa kwanza ni dereva. Nikapanga pia maneno ya kumwambia shangazi yako. Nilikuwa nimeshamhukumu mume wangu, na hukumu yenyewe niliiandaa vizuri, haina pengo.

Jumapili alasiri baba yako akaingia na kikapu cha korosho. Wewe ulikuwa mlangoni. Nikasema, "Hamisi, nenda kacheze." Hukwenda. Ulijibanza ukutani kwa nje, nilikiona kivuli chako, nikakiacha.

Nikamwambia, "Baba Hamisi, suruali yako ya Idd iko wapi?"

Akaweka kikapu chini taratibu. "Na gari lako," akasema, "Ijumaa usiku huwa liko wapi?"

Nikadhani ananikejeli. "Unaniuliza mimi?"

"Nimuulize nani? Meneja wako?"

"Mimi ndiye wa kukuuliza wewe! Gari unalitoa kwa ufunguo gani?"

Akanitazama. Mtu ukiishi naye unaujua uso wake wa kudanganya, na ule haukuwa uso huo. Alikuwa hajaelewa hata neno. Akasema, "Mama Hamisi, mimi Ijumaa nakuwa Chole. Mama yangu ananipikia kisamvu. Gari gani?"

"Suruali iko wapi?"

Akaingiza mkono kikapuni, chini ya korosho, akatoa kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na kaptura mbili. Moja kubwa kidogo, moja ya kukuwekea mwaka unaofuata. Kahawia, terilini, na mshono wa fundi. "Idd imefika na duka halina kitambaa," akasema. "Nilisema mtoto avae yeye. Mimi kanzu inanitosha."

Nilizishika kaptura zile nikazigeuza, nikatafuta mahali palipoungua. Ndiyo, Hamisi. Hata pale nilitafuta. Hapakuwa na kitu.

Ndipo tukakaa mkekani tukaulizana yote, mpaka chakula kikaungua. Nikamweleza masizi, jani na doa. Yeye akanieleza aliyoambiwa barabarani, na kwamba alikuwa anangoja Idd ipite ndipo anirudishe kwetu. Na kwa kuwa tulikuwa tumeshaanza kusema, akanieleza na la kwake: kule Chole korosho zake hakuwa anazipeleka zote kwenye ghala la serikali, nyingine alikuwa anamuuzia mtu mlango wa nyuma. Kwa hiyo alikuwa na lake kweli, ila silo nililolijenga mimi. Nilimshuku kwa jambo ambalo hakulifanya, na alilolifanya lilinipita mbele ya macho.

Jumatatu tukaitwa mkutano wa wafanyakazi wote. Baba yako akasema, "Nakuja na wewe." Nikasema si mfanyakazi. Akasema, "Nitasimama nje."

Sukari ya duka la wafanyakazi ilikuwa imepotea ghalani, na mafuta ya kula pia. Wiki nzima tulikuwa tunaambiwa mgao haujafika, kumbe ulifika. Askari wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi. Ndugu Meneja akasimama, amevaa safi, akasema kwa upole kabisa, "Ndugu wafanyakazi, inaniuma kusema. Gari la ofisi limeonekana barabarani usiku. Ufunguo ni mmoja, anao dereva. Na mume wa dereva, wengine mnajua, ni mtu wa biashara."

Watu wote wakageuka. Nilikuwa nimekaa na wale akina mama wa mabanda ya kuku, na nilihisi yule wa kushoto kwangu anasogea kidogo, na yule wa kulia anasogea. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ufunguo wa pili "ulipotea", na kwa nini mtu anayependa gari kiasi kile alikuwa anatangaza kwamba hajui usukani.

Mtunza ghala, Ndugu Sefu, alikuwa amekaa mbele. Huyu Sefu alikuwa mtu wa mavazi. Suruali yake ya kahawia alikuwa anainyoosha mpaka ule mstari wa mbele unakata. Siku ile alikuwa amevaa ya buluu. Na alipoingia aliingia anachechemea.

Nikasimama. Nikasema, "Ndugu Mwenyekiti, naomba waende watu wawili kwenye gari, waangalie mdomo wa bomba la kushoto."

Meneja akasema, "Hatukuja hapa kukagua usafi."

Mwenyekiti wa tawi letu la chama alikuwa mzee mkimya, hapendi kusumbuliwa. Nadhani alimkubalia askari tu kwa sababu askari ameshanyanyuka. Wakatoka, wakainama, wakarudi. Askari akasema, "Kuna nguo imegandia pale. Kahawia."

Nikapandisha gauni langu inchi mbili, nikamwonyesha Bi Tatu, mpishi, aliyekuwa mbele yangu. "Shikamoo Bi Tatu. Hiki ni kitu gani?"

"Marahaba. Si ndiyo ulivyoungua na bomba, ulipokuja hapa mwanzo? Mimi si ndiye niliyekupaka asali?"

"Na Ndugu Sefu anachechemea nini?"

Sefu akasema, "Chai. Nimemwagikiwa na chai." Alisema haraka mno.

Bi Tatu aligeuka mzima mzima pale kwenye kiti chake. Alikuwa mama mnene, mtu wa Maneromango, haogopi mtu. Akasema, "Sefu mwanangu. Ile suruali yako ya kahawia iko wapi?"

Swali lile lile nililomuuliza mume wangu jana yake. Lakini Sefu hakuwa na kaptura ya kutoa kikapuni. Alimtazama Meneja. Hakumtazama askari, hakunitazama mimi, alimtazama Meneja, na Meneja akawa anatazama dirishani. Ndipo Sefu akaanza kutetemeka midomo. "Sikujipa ufunguo mwenyewe," akasema. "Mimi nilipewa."

Askari wakamwambia apandishe suruali. Kidonda bado kilikuwa kibichi, nusu duara, kama kovu langu.

Ungependa nikwambie kwamba wote wawili walipata haki yao. Sefu alifungwa. Ndugu Meneja alihamishwa, na nilisikia huko alikokwenda kapewa gari jingine, jipya zaidi. Mimi nilipelekwa kuendesha trekta, wakasema ni kwa usalama wangu. Mke wa Sefu alinipita sokoni miaka mingi bila salamu, na sikumlaumu. Nilipomwona Sefu anatetemeka sikufurahi kama nilivyodhani nitafurahi. Nilikuwa nawaza kwamba kama Bi Tatu asingeuliza, ningetetemeka mimi.

Baba yako alikuwa nje kweli. Alinipokea mlangoni tukatembea mpaka nyumbani, hatukushikana mikono, si kawaida yetu, lakini alibeba viatu vyangu pale kwenye matope.

Watu wakinisikia nikisimulia wanasema, "Mama Hamisi, macho yako ndiyo yaliyokuokoa." Ni kweli. Nilitazama bomba vizuri, na sijutii. Ukiona masizi mahali ulipopasafisha, usijidanganye kwamba ni macho yako. Lakini vitu nilivitazama na watu sikuwauliza, na deni la hapo ulililipa wewe, bila kupenda. Baada ya siku zile ulianza kujibu "sijui". Umekula? Sijui. Mwalimu kasema nini? Sijui. Ulipokuwa mkubwa ukajifunza kuisema kwa heshima, "Sina hakika, mama," lakini ni ile ile. Tulikuweka katikati yetu, huyu anakuvuta kwa ukoko, yule anakuvuta kisimani, ukaona usalama wako ni kufunga mdomo. Hatujawahi kukaa tukakwambia kwamba hukufanya kosa. Hukufanya kosa, Hamisi. Ulisema kweli pande zote mbili.

Sasa nifike kwa linaloniuma kichwa, maana kichwa kinaniuma kweli.

Juzi umekuja na viatu vipya. Vya ngozi, soli nene. Siku hizi viatu vya namna hiyo duka la hapa halina, na Kibaha nzima sijaviona. Ukasema umepewa na rafiki. Jana pale stendi nilikuona unaongea na jamaa mwenye lori lililofunikwa turubai. Nilipokaribia, hakunipa shikamoo, akageuza uso akapanda. Unasema unakwenda kuendesha gari la ofisi Dodoma. Baba yako ameamini, anawaambia majirani.

Sanduku lako liko hapa, karibu na mguu wangu, halina kufuli. Mkono wangu umelifikia mara nyingi kuliko nitakavyopenda ujue. Nimetaka pia kumwita dada yako nimpe maandazi nimuulize umemwambia nini. Nimeanza hata kuupanga ule ushahidi kichwani, viatu hapa, lori pale, na unakaa vizuri, hauna pengo. Naijua sana kazi hiyo.

Sanduku sijalifungua, na dada yako sijamwita.

Kesho tukiwa tunakunywa chai, baba yako akiwepo, nitakuuliza mwenyewe, usoni: Hamisi, viatu umevipata wapi, na yule mtu wa lori ni nani? Nitauliza mara moja. Barua hii nitakutilia mfukoni baada ya hapo, basi likiwa limeshapiga honi, kwa hiyo sasa unapoisoma umeshanijibu na mimi sijui bado utakuwa umesema nini. Lolote ulilosema, ndilo nililolibeba kurudi nalo nyumbani. Hata kama ulisema sijui.

Mama yako,
Mwanaidi